Munywanyi, Pakine, Mwandani: Jinsi Lugha Zinavyomwita Rafiki

Tunda la kahawa lililoiva likimenywa, ndani yake hukutwa punje mbili zilizolaliana tumbo kwa tumbo. Waganda wa zamani waliliona hilo wakalipa kazi. Watu wawili waliotaka kufunga urafiki usiovunjika waliketi pamoja, wakachukua tunda moja, wakagawana punje zake. Kila mmoja alichanja kidogo ngozi ya tumbo, akaipaka punje yake damu, kisha akamlisha mwenzake. Kuanzia hapo walikuwa wamefunga omukago. Mmoja akipata msiba, wa pili alifika kama mtu wa nyumbani. Mmoja akiwa na maadui, wa pili alikuwa nao pia.

Leo si rahisi kumpata kijana wa Kampala aliyewahi kuonja kahawa ya namna hiyo. Lakini mwambie akutajie rafiki yake wa karibu kabisa, naye huenda akasema munywanyi. Anayejua Kiswahili hahitaji kamusi kulielewa neno hilo, kwa sababu kitenzi chake ni kunywa, kile kile chetu. Munywanyi ni mtu mliyenywana. Wanyankole wa magharibi mwa Uganda husema omunywani, na Wanyarwanda huliita tendo lenyewe kunywana.

Damu hainywewi tena, neno limebaki, na ndani ya neno tendo bado limekaa. Ndivyo ilivyo katika lugha nyingi za dunia. Ukilifungua neno linalomtaja rafiki, mara nyingi utakuta kitu ambacho watu wawili walikifanya pamoja hata wakawa marafiki: walitembea njia moja, walikula chakula kimoja, walipeana mbuzi, walizikiana wafu. Ni mara chache utakuta hisia tupu.

Damu na ahadi

Undugu wa damu haukuwa wa Waganda peke yao. Katika Kiswahili uliitwa kuchanjiana, au kuchanjiana chale, na misafara ya biashara iliyotoka pwani kwenda bara iliutegemea ili kupita salama katika nchi za watu. Wageni kutoka Ulaya waliufuata utaratibu huo huo. Mwezi Aprili 1876, Henry Morton Stanley alichanjiana na Mirambo, mtemi mashuhuri wa Wanyamwezi, na aliyewachanja miguuni alikuwa Manwa Sera, mkuu wa wapagazi wa Stanley.

Si kila aliyechanja aliheshimu chale. Mwaka 1890, huko Dagoretti karibu na mahali ulipo mji wa Nairobi, kapteni Mwingereza Frederick Lugard alifunga undugu wa damu na Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu, kisha akajenga ngome katika eneo lake na kuendelea na safari ya Uganda. Miaka miwili baadaye Waiyaki alikamatwa na watu wa kampuni ile ile iliyomtuma Lugard, akapelekwa pwani akiwa mfungwa, akafia njiani Kibwezi. Kwa Waiyaki chale ilikuwa undugu. Kwa kampuni ilikuwa hati ya kupitia, na ilipokwisha kazi ilitupwa.

Nchini Rwanda agano la damu huitwa igihango, na neno hilo limerudi kwa uzito mkubwa katika miaka yetu. Raia waliohatarisha maisha yao kuwaficha na kuwaokoa majirani wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 wametunukiwa heshima ya kuitwa Abarinzi b'Igihango, yaani walinzi wa agano. Wengi wao hawakuwa wamenywana damu na mtu yeyote. Waliokuwa wakitafuta jina la kuwaheshimu walirudi kwenye neno la urafiki wa zamani, kwa kuwa hakuna neno jipya lililotosha.

Watu wa njia moja

Neno letu la kila siku, rafiki, lilikuja na bahari. Kwa Kiarabu rafiki ni mwenzi, na hasa mwenzi wa safari. Waarabu huusia kwamba msafiri atafute kwanza mtu wa kufuatana naye, ndipo atafute njia. Mzizi wa neno hilo hubeba pia maana ya upole, kwa hiyo rafiki ni mtu ambaye safari ikiwa ndefu na maji yakiwa haba, bado atakutendea kwa upole. Kwa watu wa pwani, walioishi kwa kusubiri kaskazi na kusi na kukaa miezi ndani ya jahazi na watu wale wale, neno hilo lilikuwa na kazi tangu siku ya kwanza.

Warundi walifika mahali pale pale bila kuazima kwa mtu. Rafiki kwao ni umugenzi, neno linalotokana na kugenda, yaani kwenda. Mugenzi wanje ni rafiki yangu, mtu ninayekwenda naye. Mwarabu wa jangwani na Mrundi wa milimani hawakukaa kikao kimoja, lakini wote wawili walimpima rafiki kwa safari.

Vijana wa Tanzania nao wamerudia jambo hilo hilo katika lugha ya mitaani. Msela, neno lililotamba kwa miaka mingi vijiweni, linatokana na jina la Kiingereza la baharia. Baadaye baharia mwenyewe akaingia mitaani kwa jina lake la Kiswahili, na vijana ambao hawajawahi kupanda hata ngalawa wakaanza kuitana mabaharia. Mshikaji yeye ametoka kwenye kushika. Wakenya nao wana beshte, neno la Sheng lililotengenezwa kutokana na Kiingereza.

Kuna jambo moja la sarufi ambalo wazungumzaji wa Kiswahili hulitenda kila siku bila kulifikiria. Husemi "rafiki wangu amekuja". Unasema "rafiki yangu amekuja". Kitenzi kinamtambua kuwa mtu, lakini kimilikishi kinamweka kwenye safu moja na ndugu yangu, dada yangu, mama yangu na jirani yangu. Mwalimu wangu, mgeni wangu, mpangaji wangu, hao ni watu wa kawaida. Rafiki amekaa na jamaa.

Majirani zetu nao hawamweki rafiki pamoja na watu wengine. Mnyarwanda husema inshuti yanjye, na wakiwa wengi inshuti zanjye, karibu sawa na rafiki yangu na rafiki zangu. Mganda husema mukwano gwange, na wakiwa wengi mikwano gyange, akimweka rafiki kwenye ngeli ambamo miti nayo imo. Mukwano kwa Kiganda ni urafiki wenyewe na upendo pia, kwa hiyo Mganda anapomwita mtu mukwano, anamwita kwa jina la kile kilichopo kati yao.

Mkate, kauri na mbuzi

Katika Ulaya, chakula kimeacha alama kubwa. Mfaransa humwita rafiki copain, na neno hilo, pamoja na ndugu zake wa Kihispania, Kiitaliano na Kiingereza wenye maana ya mwenzi, limetokana na Kilatini: mtu mnayekula naye mkate. Wamisri hadi leo husema kati ya fulani na fulani kuna mkate na chumvi, na maana yake ni kwamba walikula pamoja, kwa hiyo usaliti kati yao ni aibu kubwa. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, aliutumia msemo wa kwao wa chumvi kueleza kwamba urafiki wa kweli unataka muda: watu hawajuani mpaka wawe wamekula chumvi pamoja. Alitenga vitabu viwili vizima vya maandiko yake ya maadili kwa ajili ya urafiki, akatofautisha urafiki wa kupata faida, wa kupata raha, na ule wa watu wema wanaotakiana mema.

Wachina husema pengyou, neno linaloandikwa kwa alama mbili. Alama ya pili, katika maandishi yao ya kale kabisa yaliyochorwa kwenye mifupa, ilikuwa mikono miwili ya kulia iliyowekwa pamoja. Alama ya kwanza ilikuwa nyuzi mbili za kauri zilizotungwa. Kauri, wale simbi wa baharini, walikuwa mali, na walihesabiwa kwa nyuzi hizo. Watu wa Uganda wataelewa haraka, kwa kuwa simbi walisafirishwa kutoka pwani hadi Buganda wakawa sarafu, na mpaka leo pesa kwa Kiganda ni ensimbi. Alama ile ya pili, ya mikono miwili, imo pia katika neno la Kichina ambalo kwetu lilitafsiriwa Urafiki na kupewa kiwanda cha nguo kilichojengwa Dar es Salaam miaka ya 1960 kwa msaada wa China. Kituo cha mabasi cha Urafiki, pale Barabara ya Morogoro, kimechukua jina hapo.

Lakini watu walioufanya urafiki wa zawadi ukawa jina la mtu ni Wamasai. Mmasai akimpa mwenzake mbuzi kwa urafiki, kuanzia hapo hawaitani tena kwa majina yao. Huitana Pakine, kutokana na enkine, mbuzi. Ikiwa ni kondoo, enker, wataitana Paker. Ikiwa ni ng'ombe, enkiteng, wataitana Pakiteng. Jina ni moja kwa wote wawili. Aliyetoa anaitwa Pakine, na aliyepokea anaitwa Pakine. Anayewasikia wakisalimiana mnadani hawezi kujua nani alimpa nani.

Hapo pana jambo la kutazama kwa makini. Jina linakumbusha zawadi kila siku, lakini halisemi nani anadaiwa. Wamasai wana neno jingine kabisa kwa deni, esile, na hawalichanganyi na urafiki. Uhusiano wa kina zaidi kati ya marafiki huitwa osotua, na maana ya asili ya osotua ni kitovu, ule uzi unaomuunganisha mtoto na mama. Mtu mwenye osotua nawe anaweza kukuomba pale anapokuwa na shida ya kweli, naye huomba kiasi cha shida yake. Wewe unampa ukiwa nacho. Hakuna daftari. Ukame ukija upande wako, utaomba nawe. Uhusiano huo unaweza kurithiwa na watoto, hata waanzilishi wakiwa wameshafariki.

Lee Cronk, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Rutgers nchini Marekani, ameuchunguza osotua kwa miaka mingi, na ameeleza jinsi ulivyowasaidia wafugaji kuvuka ukame na magonjwa ya mifugo, kwa kuwa marafiki wa mbali walikuwa akiba ambayo ukame wa sehemu moja haungeweza kuimaliza. Watafsiri wa Biblia walipotafuta neno la Kimasai la kubeba maana ya Agano, walilichukua hilo hilo. Agano Jipya kwa Kimasai ni Osotua Ng'ejuk.

Wa kufa na kuzikana

Kiswahili kina kipimo kikali kuliko vyote: rafiki wa kufa na kuzikana. Watu hulitamka haraka haraka bila kulisikiliza. Linasema kwamba rafiki hasa ni yule atakayekuwapo siku ambayo wewe mwenyewe hutaweza kuita mtu.

Washona wa Zimbabwe wamelifanya hilo kuwa cheo. Kando ya shamwari, rafiki wa kawaida, yupo sahwira. Sahwira ni rafiki wa ukoo, na kazi yake kubwa huonekana msibani. Jamaa wakiwa wamezama katika kilio, yeye hushughulikia mazishi, na katikati ya kilio huanza vichekesho. Huigiza mwendo wa marehemu, sauti yake na visa vyake, hata ulevi wake kama alikuwa mlevi, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Watu hucheka huku machozi yakiwatoka.

Mtanzania akisoma hayo atasema: huyo ni mtani. Na ni kweli. Utani wa makabila ulifunga watu kwa haki hiyo hiyo ya kuambiana ukweli bila kukasirikiana na kusaidiana msibani. Mtani anaweza kuingia kaburini akagoma kutoka mpaka apewe chochote, na wafiwa wakatoa huku wakicheka. Wangoni na Wahehe, waliopigana vita vikali katika karne ya 19, leo ni watani wakubwa. Maadui waliopigana vya kutosha waligeuza mikuki kuwa maneno.

Rafiki ni nani, kwa kiwango gani?

Si lugha zote zinazompa jina la rafiki kila mtu. Mkorea humwita chingu mtu wa rika lake. Aliyemzidi umri, hata kama wanapendana na kula pamoja kila siku, humwita kaka au dada, kwa sababu neno la rafiki linasawazisha watu na umri hausawazishwi. Wajerumani hutenganisha Freund, yaani rafiki, na mtu mnayefahamiana tu, na wengi wao huona aibu kumwita Freund mtu waliyekutana naye mwezi uliopita.

Warusi wana ngazi nzima. Anna Wierzbicka, mwanaisimu mzaliwa wa Poland aliyefanya kazi Australia, alizieleza katika kitabu chake cha mwaka 1997: juu kabisa yupo drug, mtu wa kumfungulia moyo na kumkimbilia usiku wa manane, chini yake priyatel, wa kupiga naye soga, kisha znakomyy, wa kujuana. Pembeni alikuwapo tovarishch, ambaye baada ya mapinduzi ya mwaka 1917 alifanywa anwani ya kila raia. Tanzania nayo ilipitia jambo la aina hiyo, pale ndugu alipotoka nyumbani akaenda chamani, na kila mwanachama wa TANU, tangu kiongozi wa juu hadi balozi wa nyumba kumi, akaitwa ndugu.

Wierzbicka alionyesha pia kwamba neno la Kiingereza la rafiki limelegea kadiri karne zilivyopita. Zamani lilikuwa la watu wachache waliopendana, na asili yake ni kitenzi cha kupenda. Leo ni la karibu yeyote. Facebook ilipoanzishwa mwaka 2004 ililichukua neno hilo likiwa limeshalegea, ikaliweka kwenye kitufe. Akaunti moja inaruhusiwa kuwa na marafiki 5,000. Robin Dunbar, mwanaanthropolojia wa Uingereza, alikadiria mwaka 1992 kwamba akili ya binadamu inaweza kuhudumia uhusiano wa watu wapatao 150 tu, na tafiti zake za baadaye ziliwaweka watu wa ndani kabisa kuwa kama watano.

Kiswahili hakikuwahi kuwa maskini kwenye ngazi hizo. Yupo mwenzangu, wa kazi moja au hali moja. Yupo swahiba, kutoka neno la Kiarabu ambalo pia liliwapa Masahaba jina lao. Yupo somo, uliyechangia naye jina, na ambaye kwa wanawake wa pwani amekuwa pia mshauri na mlezi wa mwari. Yupo msiri, unayemwachia siri. Na yupo mwandani, neno lililojengwa juu ya ndani: mtu ambaye hasimami barazani, anaingia mpaka chumba cha ndani.

Kisha yupo shoga. Kwa vizazi vingi wanawake wa pwani waliitana hivyo kwa mapenzi, shoga yangu, wakisukana nywele na kuazimana kanga. Siku hizi wengi huliogopa, kwa kuwa limepewa maana nyingine inayohusu wanaume, na wanawake wa mjini wamehamia kwenye shosti na besti. Neno limeporwa likiwa midomoni mwa wenyewe, na bibi aliyelitumia miaka sitini sasa hulazimika kulieleza kwa wajukuu.

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na mtu anaweza kujibu kwamba jina si hoja, hoja ni tendo. Lakini ndilo jambo ambalo maneno haya yote yanathibitisha. Jina lilikuwa njia ya kulishika tendo lisisahaulike. Pakine hawezi kumsahau mbuzi. Munywanyi hawezi kusahau kwamba alinywa. Tukiwaita wote rafiki, yule wa simu na yule aliyelala nasi hospitali, tunampunja wa pili haki yake.

Kwa hiyo msomaji aanze na wazee wa nyumbani kwake. Awaulize, kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama, rafiki wa kuchanjiana waliitwaje, wa kupeana mfugo waliitwaje, wa jina moja, wa unyago, wa kazini, na aandike majibu. Kisha ampigie simu yule mmoja anayemjua hadi chumba cha ndani, na amwite mwandani.